Tezi ya Shingo na Mizani ya Homoni: Mambo Anayopaswa Kuyajua Mlaji

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu akisema kwamba jirani yake "ana tezi", msikilizaji huelewa mara moja kwamba shingo ya jirani huyo imevimba. Usemi huo una kasoro ndogo inayostahili kusahihishwa kabla hatujaendelea: kila mtu ana tezi hiyo, tangu akiwa tumboni mwa mama yake. Ni kiungo cha kawaida kama lilivyo ini au figo. Kwa kuwa hakionekani wala hakiumi kinapofanya kazi yake vizuri, hatukitaji mpaka siku kinapovimba, na huenda ndiyo sababu jina la kiungo limegeuka kuwa jina la ugonjwa.

Tumeandaa somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya zamani: chumvi. Mlaji anayenunua chumvi isiyofaa hatambui kasoro yoyote mezani, kwa maana chakula hukolea vilevile, lakini hasara yake huweza kumpata mtoto ambaye bado hajazaliwa. Ya pili ni ya siku hizi: biashara ya vidonge, majimaji na unga vinavyodaiwa "kusawazisha homoni". Bidhaa hizo hupata wanunuzi wengi miongoni mwa watu waliochoka, walionenepa au wanaotafuta mtoto, na fedha inayotumika huko mara nyingi ingetosha kulipia kipimo ambacho kingeonyesha ukweli. Mambo haya mawili hayaeleweki vizuri bila kufahamu kwanza tezi yenyewe inafanya nini.

Kiungo cha gramu 20

Tezi ya shingo, ambayo wataalamu huiita thairoidi, imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo. Ina mabawa mawili yaliyounganishwa katikati, mfano wa kipepeo aliyetua juu ya bomba la hewa. Kwa mtu mzima uzito wake ni kati ya gramu 15 na 25 hivi.

Kazi yake ni kutengeneza homoni. Homoni ni ujumbe wa kikemikali: hutengenezwa mahali pamoja, huingia katika damu, kisha huamuru kazi ifanyike mahali pengine. Tezi ya shingo hutoa hasa homoni mbili. Moja huitwa thairoksini, nayo huandikwa T4 kwa sababu kila chembe yake imebeba atomi nne za madini joto. Ya pili huandikwa T3, yaani imebeba atomi tatu. Sehemu kubwa ya kinachotoka katika tezi ni T4, ambayo ni kama akiba. Ini, figo na viungo vingine huipunguza atomi moja na kuigeuza T3, na hii ndiyo yenye nguvu ya kutenda kazi ndani ya seli.

Na kazi yenyewe ni ipi? Ni kupanga kasi. Homoni hizi huamua seli zitumie chakula na hewa kwa haraka kiasi gani, na hivyo mwili uzalishe joto kiasi gani, moyo upige mara ngapi, na utumbo usukume chakula kwa mwendo upi. Hupanga pia jinsi ngozi na nywele zinavyojijenga upya. Kwa mtoto, na zaidi kwa kijusi, kuna jukumu jingine lililo kubwa kuliko yote hayo, yaani ujenzi wa ubongo.

Malighafi ya lazima ni madini joto. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ukikusanya mahitaji ya mtu mmoja kwa miaka 70, hesabu inafika gramu 4 hivi, pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Hata hivyo kijiko hicho hakiwezi kumezwa kwa siku moja na mambo yakaisha. Lazima kije kidogo kidogo, kwa sababu ziada hutoka kwa mkojo. Tezi ya mtu mzima mwenye lishe nzuri huweka akiba ya homoni inayoweza kutosha miezi miwili au mitatu, na kwa hiyo upungufu huingia polepole, bila kubisha hodi.

Boya la tangi

Wanaouza bidhaa za "kusawazisha homoni" huzungumza kana kwamba mwili hauna mizani yake. Unayo, tena makini sana. Mfano wake ni boya lililomo ndani ya tangi la maji. Maji yakishuka, boya hushuka nayo na kufungua bomba. Yakijaa, boya hupanda na kulifunga. Hakuna anayesimama pale kulinda.

Mwilini boya hilo liko chini ya ubongo, katika tezi ndogo iitwayo pituitari. Pituitari hupima homoni za thairoidi zilizomo katika damu. Zikipungua, nayo huongeza homoni yake inayojulikana kwa herufi TSH, ambayo ni amri kwa tezi ya shingo kwamba iongeze kazi. Zikizidi, pituitari hupunguza TSH, na tezi hupumzika. Juu ya pituitari kuna sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo nayo humtuma mjumbe wake kuichochea pituitari.

Mlaji akikumbuka jambo moja tu kutoka sehemu hii, na liwe hili: TSH huenda kinyume na hali ya tezi. TSH ikiwa juu, maana yake boya linalalamika kwamba maji hayatoshi, yaani tezi imelegea. TSH ikiwa chini sana, mara nyingi maana yake ni kwamba homoni zimefurika. Watu wengi hupokea karatasi ya majibu, wakaona namba kubwa, wakadhani tezi yao inafanya kazi kupita kiasi. Tafsiri hiyo huwapeleka kwenye dawa ya ugonjwa ulio kinyume na wao.

Mizani inapoharibika

Homoni zikipungua, mwili huenda mwendo wa kinyonga. Mtu huchoka bila sababu, huhisi baridi wakati wenzake wanajipepea, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, hedhi huweza kuwa nzito, na kushika mimba kunaweza kuwa kugumu. Uzito huongezeka, lakini si kwa kiasi kinachosemwa mitaani. Kwa kawaida ongezeko linalotokana na tezi yenyewe ni kilo 2 hadi 5, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi vilivyobaki mwilini. Aliyeongezeka kilo 20 hana budi kutafuta sababu nyingine pia.

Homoni zikizidi, mambo hugeuka. Mtu hukonda huku akila vizuri, hutoka jasho, mikono hutetemeka, moyo hudunda kwa kasi au bila mpangilio, usingizi hupotea, na wengine macho hutokeza.

Sababu ni nyingi. Upungufu wa madini joto ni mojawapo, na duniani ulikuwa mkuu kwa karne nyingi. Nyingine ni kinga ya mwili kuishambulia tezi kwa makosa. Ugonjwa wa aina hiyo unaoilegeza tezi hubeba jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Unaoichochea kupita kiasi hubeba jina la Robert Graves wa Ireland, aliyeueleza mwaka 1835. Wanawake hupata maradhi ya tezi hii mara kadhaa zaidi kuliko wanaume, na kuna wanaoyapata katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, wakati ambapo uchovu wao wote husingiziwa kulea.

Rovu, yaani uvimbe wa tezi yenyewe, ni jambo la kando kidogo. Mtu anaweza kuwa na rovu na homoni zake zikawa sawasawa, na mwingine akawa na shingo nyembamba huku tezi imelegea kabisa. Unaweza kuitazama shingo yako nyumbani: simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, unywe funda la maji, na uangalie chini ya kikoromeo unapomeza. Uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na mmezo huenda ni wa tezi, na unastahili kuonwa na daktari. Kutouona hakuthibitishi kwamba homoni ziko sawa.

Chumvi ya dukani na chumvi ya guniani

Madini joto asili yake kubwa ni bahari. Ardhi ya nyanda za juu, iliyooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, imebaki na kiasi kidogo, na mazao yanayoota humo hubeba kidogo vilevile. Ndiyo maana hapa Tanzania mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, kama vile Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma, ilijulikana kwa rovu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na tangu miaka ya 1990 sheria imetaka chumvi ya kula itiwe madini joto.

Wakazi wa pwani hudhani jambo hili haliwahusu. Dhana hiyo ni ya hatari. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta rovu kwa watoto wa shule Unguja, na zaidi Pemba, katika visiwa vilivyozungukwa na maji ya chumvi pande zote. Tufanye hesabu ili tuelewe sababu. Lita moja ya maji ya bahari ina maikrogramu 50 hadi 60 za madini joto na gramu 35 hivi za chumvi. Gramu 5 za chumvi hutoka katika sehemu moja ya saba ya lita hiyo, kwa hiyo hata kama madini yote yangebaki ndani ya chumvi, mlaji asingepata maikrogramu 10. Samaki husaidia kwa kuwa hukusanya madini joto mwilini mwao, lakini chumvi ghafi ya majaruba, iwe ya Bagamoyo, Lindi au Pemba, haina cha kutegemewa mpaka itiwe madini hayo kiwandani. Ndivyo ilivyo pia kwa chumvi ya chemchemi kama ile ya Uvinza.

Sasa tulinganishe. Chumvi iliyotiwa miligramu 30 za madini joto kwa kila kilo ina maikrogramu 30 katika kila gramu. Anayekula gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai kilichosawazishwa, amepata maikrogramu 150, yaani haja yake yote. Gramu 5 ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikifikie. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuongeza chumvi ili kupata madini joto. Presha ya damu haisamehe nia njema.

Katika kununua, tazama pakiti kwanza. Iwe imefungwa, imeandikwa kwamba ina madini joto, na ionyeshe jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, iwepo. Chumvi ya mawe inayopimwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi huenda haikutiwa chochote, au ilitiwa na imeshapoteza kwa jua na unyevu. Bei yake nafuu inavutia, nasi hatuwezi kumlaumu mama anayehesabu shilingi. Ila familia hula chumvi kidogo mno kwa mwezi kiasi kwamba tofauti ya bei, ikigawanywa kwa siku, haionekani.

Chumvi za rangi ya waridi zinazouzwa ghali katika maduka makubwa kwa jina la Himalaya, kwa kawaida hazikutiwa madini joto. Soma pakiti kabla ya kuiamini rangi.

Nyumbani, ihifadhi chumvi katika chombo chenye mfuniko, mahali pakavu, mbali na moto wa jiko na mvuke wa sufuria, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Aina ya madini joto inayotumika viwandani hustahimili hali zetu kuliko ile ya zamani, lakini si milele. Maafisa afya wana kichupa cha matone kinachoifanya chumvi nzuri igeuke bluu au zambarau. Wako wanaosambaza ushauri wa kupima kwa kipande cha kiazi tu. Jaribio hilo halifai kwa chumvi yetu, kwa sababu madini joto ya aina hii hayagusani na wanga mpaka yatiwe dawa nyingine kwanza. Mtu anaweza kuitupa chumvi njema kwa kumwamini kiazi.

Watu huuliza pia kuhusu muhogo na kabichi. Muhogo usiolowekwa na kupikwa vizuri huweza kuizuia tezi kuchukua madini joto, hasa kwa mtu ambaye tayari anayakosa. Loweka, kausha na upike ipasavyo. Kabichi iliyopikwa, katika mlo wa kawaida, haina haja ya kukimbiwa.

Chupa tatu za Mama Neema

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama Neema anaishi Makambako, ana umri wa miaka 34 na watoto wawili. Kwa miezi minane amekuwa akichoka, anajifunika sweta mchana, na hedhi imemwia nzito. Katika simu yake anaona tangazo: "Homoni zako zimevurugika. Tumia siku 30 tu." Muuzaji anamwuliza maswali matatu, anamwambia tatizo limeshajulikana, na kumtumia chupa tatu kwa shilingi 120,000. Lebo inataja "mimea asilia na mwani wa bahari". Kiasi cha kila kitu hakikuandikwa, wala mahali ilikotengenezwa.

Tukiichunguza biashara hiyo, kasoro ya kwanza ni neno "homoni" lenyewe. Mwili una homoni nyingi: za tezi ya shingo, za kongosho, za ovari, za tezi zilizo juu ya figo na nyinginezo, na kila moja ina boya lake. Hakuna kitu kimoja kinachoweza kuzisawazisha zote, kama ambavyo hakuna fundi anayeweza kurekebisha saa, redio na cherehani kwa bisibisi moja tena kwa simu. Mtu anayesema "homoni" bila kutaja ipi, na ametumia kipimo gani, hajasema kitu.

Kasoro ya pili ni mwani. Mwani ni chakula, nasi hatuna ugomvi nao, lakini kiasi cha madini joto hutofautiana mno kati ya aina moja na nyingine, na chupa isiyotaja kiasi inaweza kuwa na kidogo sana au mara nyingi zaidi ya haja. Ziada nayo ni sumu kwa baadhi ya watu. Wenye tezi iliyovimba kwa miaka mingi, hususan wazee, wanaweza kufurikwa na homoni wakipewa madini joto kwa wingi ghafla. Jambo hilo lilishuhudiwa katika miaka ya 1990 huko Zimbabwe na Kivu, baada ya chumvi yenye madini joto mengi kuingia sokoni. Kwa mwenye ugonjwa wa Hashimoto, ziada inaweza kuizidi kuilegeza tezi. Aidini ya kusafishia vidonda, ambayo wengine hushauriwa kuinywa matone, isinywewe kabisa.

Kasoro ya tatu ni muda. Siku 30 za Mama Neema ni siku 30 bila matibabu. Dalili zake zingeweza kutokana na upungufu wa damu, kisukari, mimba changa, msongo wa mawazo au tezi, na hakuna kati ya hayo linalotibiwa kwa chupa ile. Tunaongeza, kwa haki, kwamba tiba asili iliyosajiliwa inatambuliwa kisheria nchini. Swali la kumwuliza muuzaji ni rahisi: namba ya usajili wa bidhaa hii ni ipi, na ilisajiliwa na nani? Mwenye namba huitaja.

Kipimo na karatasi ya majibu

Mama Neema hatimaye anakwenda hospitali. Daktari anamsikiliza, anaigusa shingo yake, anaagiza wingi wa damu na TSH. Kwa mtu mwenye dalili kama zake, TSH ndiyo ya kuanzia. Ikionyesha walakini, hufuatiwa na T4 huru, yaani ile sehemu ndogo, isiyofika asilimia moja, ambayo haikushikamana na protini za damu na ndiyo inayofanya kazi. Mlaji anayeuziwa "kifurushi cha homoni" chenye vipimo kumi ana haki ya kuuliza kila kimoja kitabadilisha nini katika matibabu yake.

Viwango vya kawaida vya TSH kwa mtu mzima ni kati ya 0.4 na 4.0 hivi, lakini kila maabara huandika viwango vyake kando ya jibu, na wajawazito wana vyao. Jibu lililopita mpaka kidogo mara nyingi hurudiwa baada ya wiki kadhaa kabla ya kuanza dawa. Mtaje daktari dawa zote unazotumia. Zile za moyo zenye amiodaroni na zile za akili zenye lithiamu huigusa tezi moja kwa moja. Vidonge vya bayotini, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, haviidhuru tezi, bali huidanganya mashine ya maabara: TSH huweza kuonekana ndogo na T4 kubwa kuliko zilivyo. Viache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu.

TSH ya Mama Neema ni 28, na T4 huru iko chini. Tezi yake imelegea.

Kidonge cha asubuhi

Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke aliyelegea tezi majimaji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mwanamke huyo aliishi zaidi ya miaka 25 baadaye. Leo dawa ni levothairoksini, ambayo ni T4 ileile inayotengenezwa na mwili, katika kidonge kidogo cha kila siku. Wengi huitumia maisha yao yote, na hilo lisiwatishe, kwa kuwa inajaza kilichopungua na hakuna kigeni kinachoongezwa.

Inahitaji adabu yake, hata hivyo. Humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Chai, kahawa na maziwa huipunguza. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia hushikamana nayo tumboni, hivyo vitenganishwe nayo kwa saa nne. T4 hupungua damuni kwa nusu kila baada ya siku saba hivi, na kwa hiyo nafuu haiji kesho. TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Anayeacha dawa kwa sababu wiki ya pili haikumletea tofauti ameiacha kabla haijaanza. Asiitumie mtu mwingine kwa ajili ya kupunguza unene: kwa asiyeugua huweza kuuvuruga moyo na kudhoofisha mifupa.

Kwa wale ambao homoni zao zimezidi na wanatumia kabimazoli, kuna onyo moja lisilopaswa kungoja. Ukipata homa au vidonda vya koo ukiwa katika dawa hiyo, iache na uende hospitali siku hiyohiyo ukapimwe chembe nyeupe za damu. Ni madhara adimu, lakini huua.

Mimba na kichanga

Mwaka unaofuata Mama Neema anakosa hedhi, na kipimo kinaonyesha ni mjamzito. Mtu asiende kungoja kliniki ya mwezi wa nne katika hali hiyo. Katika wiki za mwanzo kijusi hakina homoni yake. Hutegemea ya mama kabisa, na tezi yake mwenyewe huanza kushika kazi taratibu kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Ubongo haungoji. Mjamzito aliye katika levothairoksini mara nyingi huhitaji kuongezewa dozi mara mimba inapogunduliwa, kwa takriban robo au zaidi, na hiyo ni kazi ya daktari. Kuacha dawa kwa hofu kwamba "itamdhuru mtoto" ndiko kunakomdhuru.

Mjamzito yeyote, awe na tezi nzima au mbovu, huhitaji maikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Chumvi yenye madini joto, samaki, mayai na maziwa ndivyo vyanzo vyake. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki navyo vinaisaidia tezi, maana kimeng'enya kinachotengeneza homoni zake kinahitaji madini chuma. Azimeze tu mbali na kile kidonge cha asubuhi.

Kuna watoto wachache, takriban mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000, wanaozaliwa tezi yao haipo au haifanyi kazi. Siku za mwanzo huonekana wazima. Baadaye huwa na umanjano usiokwisha, choo kigumu, kilio cha kukwaruza, ulimi mnene, kitovu kilichotokeza, na hulala mno hata kunyonya kukawa shida. Majirani humsifu kwa utulivu. Akianzishiwa dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, akili yake hukua kama ya wenzake. Kila mwezi unaopita hupunguza kitu kisichorudishwa. Katika nchi nyingi wachanga wote hupimwa kwa tone la damu ya kisigino, lakini upimaji huo bado si wa kawaida katika sehemu kubwa ya Afrika. Mzazi anayeziona dalili hizo amwombe daktari kwa jina: tunaomba TSH ya mtoto.

Ukikuta chumvi ya pakiti isiyotaja madini joto, au yenye pakiti iliyobandikwa tarehe upya, peleka taarifa TBS. Dawa isiyosajiliwa, au yenye madai ya kuponya homoni zote, ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Ikiwa imeuzwa kama tiba asili, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala nalo linahusika. Usitupe chupa hata kama imekwisha. Ihifadhi pamoja na lebo, risiti, namba ya simu iliyopokea malipo na picha ya tangazo, kwa sababu matangazo ya aina hiyo hufutwa mara malalamiko yanapoanza.